Gesi ya AC haiishi, inavuja: usimlipe fundi kabla hujaona povu

Mkuu, acha. Kabla hujatuma hiyo elfu themanini, acha kwanza.

Umesema AC yako ni ya 12,000 BTU, inatumia gesi ya R410A, ipo Mbezi karibu na bahari, iliongezwa gesi miezi sita iliyopita na sasa inapuliza upepo wa feni tu. Fundi kakwambia "gesi imeisha, ni kawaida, tunaongeza". Unauliza kama bei ni halali. Bei ni halali. Kazi yenyewe ndiyo ya kitapeli.

Gesi ya AC haichomwi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inakuwa kimiminika, inakuwa mvuke, inarudi ilikotoka. Ikipungua imetoka nje, na ilipotokea pana tundu. Fundi anayekwambia AC lazima iongezwe gesi kila mwaka ama hajui kitu, ama anajua sana. Wangu alikuwa anajua sana. Kaongeza mara nne kwenye mashine moja, mimi namletea soda baridi kabisa. Mara ya tano haikufika kwa sababu kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ilikufa. Chekeni, nimeshazoea.

Na hapo ndipo hasara ilipo, siyo kwenye hiyo elfu themanini. Kompresa inapozwa na gesi baridi inayorudi kutoka ndani. Gesi ikipungua, inayorudi ni kidogo na tayari ina joto, kwa hiyo nyaya za mota zinachemka humo humo ndani bila wewe kusikia lolote. Pia mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa nyembamba, mafuta yanalala kwenye koili (mabomba yaliyojikunja) ya chumbani, na mengine yanachuruzika nje kupitia tundu lile lile. Kila "akiongeza" anarudisha gesi tu, mafuta harudishi mtu. Halafu mafundi wengi wanafunga mpira wa geji (kipima presha) na kufungulia mtungi bila kutoa hewa iliyomo kwenye mpira. Hewa ya pwani ina unyevu, na mafuta ya mashine za R410A yanakunywa maji kama mchanga. Maji na mafuta hayo vikipata joto vinatengeneza tindikali, na tindikali inakula vanishi ya nyaya za mota. Ukiongezewa mara nne, umetiwa unyevu mara nne.

Sasa ule ujanja wa geji. Mashine imezimwa, anafunga geji, inasoma psi 250 na ushee (psi ni kipimo cha presha), anakuonyesha: "umeona bosi, imejaa". Haijajaa! Mashine ikiwa imezimwa, presha inafuata joto, haifuati wingi wa gesi. R410A kwenye nyuzi 30 inasoma karibu psi 258, iwe imebaki gramu 300 au zimo zote, ilimradi kuna kimiminika kidogo ndani. Ikiwa inafanya kazi, mashine nzima ya kawaida hucheza psi 110 mpaka 130 hivi upande wa kurudi. Ikishuka chini ya 100, koili ya ndani inaenda chini ya nyuzi sifuri na barafu inaanza. Ukiona barafu kwenye bomba jembamba pale kwenye vali ya nje, shuku gesi. Barafu kwenye bomba nene mara nyingi ni filta chafu, kaoshe kwanza. Kama ni inveta (ile ambayo kompresa yake hubadilisha mwendo), presha inapanda na kushuka na mwendo wa kompresa, kwa hiyo geji peke yake haikwambii kitu. Kiasi sahihi ni cha mizani, basi.

Kutafuta tundu anza na macho na tochi. Gesi inapotoka huwa inatoka na mafuta, na mafuta hukamata vumbi. Fungua sponji nyeusi kwenye maungio mawili nyuma ya mashine ya chumbani na mawili kwenye vali za nje. Ukikuta nati moja ina utando mweusi unaoteleza na wenzake wakavu, umeshamkamata.

Halafu povu, na hapa wengi wanakosea: wanapaka sabuni mashine ikiwa inafanya kazi. Kwenye split (AC ya mashine mbili, ya ndani na ya nje) kipunguza presha kipo kwenye mashine ya nje, kwa hiyo wakati wa kupoza mabomba yote mawili yanayokuja chumbani yana presha ndogo. Ile 258 yako imekuwa 120. Zima, subiri nusu saa, ndipo upake. Sabuni ya maji ya vyombo, nzito, kwa brashi laini kuzunguka nati yote, hata mgongoni pasipoonekana (tumia kioo cha kunyolea). Tundu kubwa linapuliza mapovu. Tundu dogo halipulizi, linaota weupe mdogomdogo kama povu la uji, baada ya dakika moja au mbili. Usiwe na haraka. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji, maana mabaki ya sabuni hula shaba nyekundu na nati za shaba nyeupe.

Mkosaji wa kwanza ni mdomo wa bomba uliotanuliwa kama tarumbeta. Fundi kakata kwa msumeno, hakusafisha makali, katanua umepinda, kisha kakaza nati mpaka akaona mishipa ya shingo. Nati ya bomba la robo inchi inataka Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18, ya 3/8 inataka 34 hadi 42, ya nusu inchi 49 hadi 61. Ukizidisha, mdomo unakuwa mwembamba kama karatasi na unapasuka. Kukaza zaidi nati inayovuja siyo matengenezo, kata utengeneze mdomo mpya. Wa pili ni ile pini ya kujazia, kama ya tairi la gari, hasa baada ya geji kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Weka tone la sabuni hapo, na kifuniko chake kirudishwe na kukazwa. Wa tatu ni koili. Nje chumvi ya bahari inakula. Ndani kuna kutu ya shaba inayoletwa na tindikali za vitu kama gundi, rangi, mbao mpya na siki: inachimba vijia vyembamba ndani ya ukuta wa bomba kama vya kichuguu, kwa macho huoni kitu. Koili ya hivyo usiiunge. Utaziba moja leo na jirani yake atafunguka kesho. Badilisha.

Povu halikuonekana? Gesi inyonywe kwenye mtungi wa kuhifadhia (usikubali aiachie hewani, kilo moja ya R410A inapasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi), kisha naitrojeni kavu kwa regyuleta: bar 3 (bar ni kipimo kingine cha presha), sikiliza, bar 15, paka sabuni, kisha presha iliyoandikwa kwenye kibandiko, na nyingi za R410A ni 41.5. Acha saa 24. Mchana ikiwa nyuzi 33 na alfajiri 25, kushuka bar 1 hivi ni baridi tu. Zaidi ya hapo ni tundu. Akija na oksijeni ya kuchomelea, mfukuze. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Na zile chupa za "dawa ya kuziba" zinaganda kwenye kapilari (kile kijibomba chembamba cha kupunguza presha), utanunua mashine nyingine.

Baada ya kuziba: pampu ya vakyumu inyonye hewa yote mpaka maikroni 500 (kipimo cha vakyumu), funga, angalia. Ikipanda kidogo ikasimama ni unyevu, endelea kunyonya. Ikipanda bila kusimama bado inavuja. Ndipo gesi ya mtungi mpya iingie kwa mizani, kiasi cha kwenye kibandiko, na kwa bomba la ziada gramu za kila mita zilizo kwenye kitabu chake (nyingi za ukubwa wako ni kama 20). R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, nusu R32 na nusu R125, na ikitoka kama mvuke uwiano unaweza kubadilika, kwa hiyo iingie ikiwa kimiminika, mtungi ukiwa umepinduliwa kama hauna mrija ndani.

Leo usiku izime kwenye breka, lala na feni. Kesho mpigie fundi umuulize vitu vitatu: una naitrojeni? una pampu? una mizani? Akisema "bosi hiyo ni AC ndogo, haihitaji", mpe soda yake aondoke.