Togakushi: mlango wa jiwe uliogeuka mlima

Wiki hii mmeniuliza kuhusu Togakushi, hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, lililoko milimani mkoani Nagano, Japani.

Jina hilo lina maana gani?

Kuficha mlango. Amaterasu, mungu wa jua, alichoshwa na vituko vya ndugu yake Susanoo, akajifungia pangoni. Dunia ikawa giza totoro. Miungu wakakusanyika nje. Omoikane akatoa shauri, Uzume akacheza mpaka wenzake wakaangua kicheko. Amaterasu akachungulia ajue kulikoni. Papo hapo Tajikarao, mwenye nguvu za ajabu, akaung'oa mlango wa jiwe na kuuvurumisha mbali, asije akajifungia tena. Wenyeji husema uliangukia kwao, ukawa ule mlima wa majabali yaliyochongoka nyuma ya hekalu.

Ni jengo moja?

Matano, yametawanyika mlimani. Tajikarao anaabudiwa Okusha, juu kabisa. Omoikane yuko Chusha. Uzume yuko Hinomikosha. Hili hunigusa sana: waliomtoa Amaterasu pangoni wamebaki kuwa majirani.

Okusha huendewa kwa miguu, kama kilomita 2. Katikati ya njia kuna lango jekundu, Zuishinmon. Paa lake ni la nyasi nene, na juu yake kumeota kuvu na majani mabichi kana kwamba msitu umeanza kulidai. Ukilipita, unaingia kati ya safu mbili za mierezi yenye umri wa zaidi ya miaka 400. Mimi naona hapo ndipo hekalu linapoanza hasa.

Mbona Okusha ni ya zege?

Ni kwa sababu ya theluji. Maporomoko yake yamewahi kulibomoa jengo hilo, na mbao haziwezi kuyahimili. Msilidharau.

Hokosha, jengo jingine kati ya hayo matano, imejaa michongo kama hekalu la Kibudha. Kwa nini?

Umeona sawasawa. Ilijengwa mwaka 1861, wakati Ubudha na Shinto vilifuatwa hapo pamoja. Serikali ilivitenganisha kuanzia 1868, lakini majoka yaliyochongwa chini ya paa yalibaki.

Kuzuryu, joka la vichwa tisa linaloabudiwa Togakushi, ni pepo mbaya?

Hapana. Ni mungu wa maji, na wakulima humwomba mvua. Husemwa pia kwamba anapenda mapeasi, na wenye maumivu ya meno walikuwa wakijinyima tunda hilo kwa heshima yake, wakiomba awaponye.