Usiirukie kiki: majibu kwa wenye pikipiki kuukuu

Wiki kadhaa zilizopita niliandika hapa kuwa pikipiki nyingi za zamani zilizolala stoo hazijafa, zimetelekezwa tu. Tangu hapo maswali yamemiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha, na marefu nimeyafupisha.

Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya miaka ya themanini. Imekaa stoo zaidi ya miaka kumi na kiki haishuki kabisa. Fundi wa mtaani anasema tufungue injini yote, tufanye ovahoo. Nimpe kazi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Usimpe bado. Kiki isiyoshuka, kwa pikipiki iliyozimwa ikiwa nzima, mara nyingi ni ringi za pistoni zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Kutu hiyo inaachia. Kinachovunja injini za namna hii ni kijana mwenye kilo themanini anayeirukia kiki akidhani anaisaidia.

Fungua plagi. Changanya dizeli na oili nusu kwa nusu, mimina vijiko vinne hivi vya chakula kwenye tundu lake, rudisha plagi kwa vidole tu ili vumbi lisiingie, kisha ondoka. Kesho ongeza kidogo. Baada ya siku tatu au nne isimamishe kwa stendi ya kati, toa plagi, tia gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma taratibu. Ikigoma, ongeza mchanganyiko na uipe siku nyingine. Itakapoachia hutasikia kishindo. Utaona tu tairi limekuwa zito badala ya gumu. Hapo ndipo unapoweza kugusa kiki, kwa mkono kwanza, na usiweke uso mbele ya tundu la plagi, kwa sababu ule uchafu wote utaruka kutoka humo.

Mwaga oili iliyomo, weka mpya, takriban lita moja. Sasa tafuta moto. Chomeka plagi kwenye waya wake, ilaze juu ya silinda hedi igusane na chuma, piga kiki. Cheche ya buluu ni nzuri. Kama hakuna kitu, na yako ni ya zile zenye platina (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), fungua kifuniko uzisugue ncha zake kwa msasa laini, uzifute, halafu uweke nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kadi ngumu ya biashara inakaribia unene huo ukikosa kipimo. Kisha kabureta: petroli ya miaka kumi imekuwa gundi. Jeti ndogo, kile kipande chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, ndiyo inayowashinda wengi. Iinue juani, usipoona kitundu cha mwanga cha duara safi, bado imeziba hata kama umeiosha mara tano. Izibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma unapanua tundu, na baada ya hapo pikipiki inakunywa mafuta usijue kwa nini. Malizia na tapeti, yaani nafasi ya valvu: milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa ya baridi kabisa.

Una bahati ya aina ya pikipiki. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Badala ya kamshafti ya juu yenye cheni ndefu waliweka fito za kusukuma valvu. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, ndiyo maana bodaboda nyingi zinazopita nje ya nyumba yako zina injini ya ukoo wake. Ringi, gasketi na klachi pleti utazipata duka lolote la spea. Nenda na kilichotoka mkononi ulinganishe kabla ya kulipa, maana za ukoo mmoja si lazima zilingane. Na fundi akikwambia kabureta ya Kijapani "imechoka, tuweke mpya", mwambie asante, kisha rudi nayo nyumbani.

Tangi limejaa kutu. Nimeshauriwa nilibadilishe. (Msomaji, Korogwe)

Kama halijatoboka, lisafishe. Toa koki ya mafuta, ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira, weka konzi mbili za nati ndogo au kokoto ngumu, tikisa mpaka mikono iume, mwaga. Halafu jaza siki nyeupe mpaka juu, lilale nayo usiku mmoja au miwili. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, anika juani mdomo wazi. Likikauka tu, siku hiyo hiyo, zungusha ndani petroli yenye oili kidogo. Ukiliacha kavu mpaka kesho utalikuta jekundu upya. Hesabu zile nati ulizotia. Weka na chujio kwenye mpira wa mafuta, ni bei ya chai mbili.

Nianze na rangi au injini? (Wengi)

Breki, tairi, injini, waya. Rangi mtapaka mkirudi safari ya kwanza, kama mtakuwa bado mnaitaka.

Assalaam alaykum. Nina Vespa PX ya zamani hapa Mjini Unguja. Inatoa moshi mweupe mwingi hata ikishapata moto, ingawa oili naichanganya vizuri. Nataka kuvuka nayo kwa boti niende Bagamoyo mpaka Tanga. (Msomaji, Malindi)

Waalaykum salaam. Kwanza hakiki hilo "vizuri": PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Kisha tazama oili ya gia boksi, ambayo ni robo lita tu. Kama inapungua na hakuna tone chini ya sakafu, injini inaivuta na kuichoma. Sili ya kranki upande wa klachi, ule mpira unaozuia oili ya gia isiingie kwenye injini, imekufa. Sili yenyewe ni rahisi, kazi ndiyo ndefu, lakini usivuke bahari kabla hujaibadilisha. Ikizidi kuharibika utaunguza klachi na gia kwa kukosa oili.

Jambo la pili ni la usalama. Rimu ya Vespa ya kawaida ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati. Kuna nati zinazofunga gurudumu kwenye ngoma na kuna zinazoshika vile vipande viwili pamoja. Ukizifungua hizi za pili tairi likiwa na upepo, rimu inaweza kukupasukia mkononi au usoni. Toa upepo wote kwanza, kila mara, hata kama unajiona mzoefu. Raha ya Vespa ni kwamba tairi la mbele na la nyuma ni sawa, kwa hiyo gurudumu moja la akiba linatosha, na pancha inakuchukua muda wa sigara. Mafundi wa bara wengi hawaijui, beba waya wa gia na wa klachi.

Nataka kwenda Dar hadi Mbeya na CG niliyoifufua mwenyewe. Wenzangu wananicheka, wanasema cc 125 ya silinda moja ni ya kwenda sokoni. (Msomaji, Mbagala)

Waambie kuwa Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa Panther ya cc 600, silinda moja, yenye kigari ubavuni na trela nyuma. Wakaikata Sahara, injini ikawafia njiani wakasubiri vipuri Agadez, wakapita Tanganyika, wakaingia Cape Town Julai 1935. Lami waliyoikuta ilikuwa ya kuhesabika. Wewe unayo ya kukufikisha Mbeya, kilomita kama 830.

Lakini usiondoke Jumamosi hii. Kwanza iendeshe mjini wiki mbili, halafu Chalinze kwenda na kurudi, halafu Morogoro. Kila safari fungua plagi uitazame. Kahawia, endelea. Nyeusi yenye masizi, mafuta yanazidi. Nyeupe, hewa inazidi, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni, usiipuuze.

Tazama tairi pia, na si meno yake tu. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa gumu lisiloshika lami ya mvua. Likiwa na tarakimu tatu tu, limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hilo mpe anayefuga kuku wanyweshee maji.

Njiani nenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Siku ya kwanza lala Mikumi, ya pili Iringa, ya tatu Mbeya. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na tembo hasomi kibao. Pita mchana, usisimame kupiga picha. Usiku barabara hii si yako, ni ya malori ya Tunduma.

Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, panda kwa gia ya pili au ya tatu bila kuilazimisha, ukiwaachia malori nafasi kwenye kona. Hatari zaidi ni kurudi. Breki za ngoma zikipata moto hazishiki, kwa hiyo shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, breki iwe ya kugusa tu. Ukifika Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, utaona pikipiki imelegea. Haijaharibika. Hewa ni nyepesi, nguvu hupungua kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Jeti iache kama ilivyo, utaihitaji ukirudi Pwani. Kama ni Juni au Julai, Makambako itakufundisha kuvaa sweta mbili.

Beba tyubu, vyuma vya kufungulia tairi, pampu, plagi, loki ya cheni na spana ya nati ya gurudumu la nyuma. Waya mpya wa klachi upitishe sambamba na wa zamani na uufunge kwa utepe kabla hujaondoka. Ukikatika porini ni kuchomeka ncha mbili tu.

Nimepata Yamaha DT175 bei ya chini, ila muuzaji amepoteza logbuku (kadi ya umiliki). Niinunue, niende nayo Tanga kupitia Lunga Lunga? (Msomaji, Likoni)

Bei ni ya chini kwa sababu hiyo hiyo. Yeye mwenyewe aombe logbuku nyingine NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kwa jina lake, mlinganishe na namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, ndipo pesa itoke na umiliki uhamishwe. Mpakani utahitaji logbuku yenye jina lako, kibali cha kuingiza chombo kwa muda, na bima inayovuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA. Bila hivyo utaiona Tanga kwa basi.

Mke wangu anataka kupanda nyuma, Dar mpaka Iringa. CG itaweza? (Msomaji, Kibaha)

Itaweza mpaka Ruaha Mbuyuni, kabla ya Kitonga, kama shokapu za nyuma hazivuji na upepo wa tairi la nyuma umeuongeza. Mnunulie helmeti yake, ya kumkaa, si ile ya abiria wa bodaboda. Kitonga apande basi, na mabegi apande nayo. Mtakutana Ilula. Atakuwa amefika kabla yako na ameshanunua nyanya, kwa hiyo acha nafasi kwenye karia.