Jibu: Kwa nini daktari hatoi umri kamili wa mifupa?

Pole sana, dada. Umeuliza kwa nini daktari aliyeichunguza mifupa iliyookotwa ufukweni Kayenze ametaja "miaka 18 hadi 24" tu, na kaka yako mvuvi, mnayehofia kuwa ndiye, alikuwa na miaka 21. Hajakwepa swali. Mfupa hauna tarehe ya kuzaliwa. Unaonyesha hatua ya ukuaji, na watu hatukui kwa kasi moja.

Kwa kijana mifupa husema mengi. Ncha za mifupa mirefu hutenganishwa na shina kwa gegedu (tishu laini kuliko mfupa), kisha huungana nalo kwa zamu: kiwiko mapema, goti na bega baadaye. Mtulinga (mfupa wa kutoka bega hadi kifua), upande wa kifuani, huwa wa mwisho, mara nyingi katika miaka ya 20. Magego ya mwisho nayo huota takriban 17 hadi 21, ingawa wengine hayawaoti kabisa. Mtu mzima ni vigumu zaidi: husomwa uchakavu, hasa kwenye kiungo cha kinena, na makadirio hutanuka sana.

Ila umri kuoana hakuthibitishi kuwa ni yeye. Mwombeni mpelelezi mate ya mama yachukuliwe, vinasaba vilinganishwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Msizike kabla ya hapo, tafadhali.