Kila vita vina maji yake

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kiongozi akiamini vita ni vya haki, je, anaruhusiwa kuwadanganya wananchi kidogo ili wamuunge mkono?

Najua wengi mtakimbilia Iraq. Nami napita huko, ila sikai. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kichupa cha kuigiza sumu ya kimeta mkononi, akieleza silaha za maangamizi za Saddam Hussein. Vita vikapiganwa, silaha zikatafutwa, hazikuonekana. Powell mwenyewe baadaye alikiri kwamba hotuba ile ni doa kwake. Huo ni uongo, au tuseme uzembe mkubwa, kuhusu sababu ya vita, na sidhani kama kuna msomaji atakayeutetea.

Mimi nafundisha historia sekondari hapa Lindi, na kilichonikwamisha hakikutoka New York. Tulikuwa kwenye somo la vita vya Majimaji, wazee wetu walipowainukia Wajerumani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani Kinjikitile alikuwa mwongo?" Darasa likacheka, isipokuwa kijana mmoja wa kwao Kilwa, huko Umatumbini vita vilikoanzia. Nikabaki na chaki mkononi.

Sababu ya vita vile ilikuwa kweli tupu. Pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida: hakuna aliyehitaji kutunga kitu. Kisichokuwa kweli kilikuwa bei. Watu waliambiwa kwamba kwa dawa ya maji ya mganga Kinjikitile, risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kinjikitile, nadhani, aliamini alichosema, na alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hakutuma watoto wa wenzake yeye akabaki kivulini. Ndiyo maana simwiti mwongo. Lakini walioondoka nyumbani waliondoka na hesabu isiyo sahihi, na kufikia 1907, kwa risasi na zaidi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Tangu siku ile naona kila vita vina maji yake. Februari hiyohiyo ya 2003, Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alisema vita vya Iraq huenda vikachukua siku sita, au wiki sita, na kwamba haoni vikifika miezi sita. Majeshi ya Marekani yaliondoka Desemba 2011. Kichupa cha Powell kinakumbukwa dunia nzima. Zile wiki sita nani anazikumbuka? Uongo wa bei hausutwi sana, kwa sababu mwenye kuusema hujitetea kwamba alikuwa anakadiria tu.

Na kwetu je? Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alisema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Sababu ilikuwa kweli, maana majeshi ya Amin yalikuwa ndani ya Kagera. Mjomba wangu alikwenda na mgambo wa huku Kusini, akijua anakwenda kumtoa nduli kwenye ardhi yetu. Barua yake ya pili ilitoka Masaka, ndani ya Uganda. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, nasi tukaombwa kufunga mikanda miezi 18. Nilikuwa shule ya msingi. Miezi 18 ilipita, na mimi bado natumwa kupanga foleni ya sabuni. (Mkanda wenyewe wa kufunga tuliutoa wapi, sijui.) Sisemi Amin hakustahili kuondolewa. Nasema safari iliongezwa njiani, na abiria hawakuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hata kidogo. Kuficha jeshi litapita njia gani ni siri ya vita, hilo naelewa. Kuficha kwa nini tunakwenda na tutalipa nini ni kumnyima mtu uamuzi juu ya roho yake.

Jumapili nilimpelekea mjomba swali lenu kule Mtama. Nilimkuta kivulini anabangua korosho, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze.

"Mpwa wangu, ukiitaja bei yote, nani atakwenda?"

Nikamkumbusha Nachingwea. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifanya mazoezi pale miaka na miaka, na watu wa kando ya Ruvuma walikuwa wanakanyaga mabomu ya Wareno yaliyotegwa. Bei waliiona kwa macho, na hawakuwafukuza wageni.

Akapasua korosho mbili tatu bila kusema kitu.

"Na wewe, mjomba? Wangekwambia yote, ungekwenda?"

"Mpaka Mutukula, pale mpakani, ningekwenda, tena mbio." Akapuliza ganda lililonasa kwenye kokwa. "Huko mbele, wangeniuliza kwanza."

Msomaji wenu, Lindi