Kivinjari kinafungua, apt update inaganda

Mkuu, umesema Debian yako (mfumo endeshi wa Linux) inafungua kurasa zote kwenye kivinjari lakini `sudo apt update`, amri ya kusasisha orodha ya programu, inaganda kwenye asilimia 0, na umeshahangaika na sources.list (faili lenye seva ambako apt huchukua programu) bila mafanikio. Irudishe faili hiyo ilivyokuwa. Ukibadilisha seva ya vifurushi kabla hujajua kilichoharibika, unajitafutia tatizo la pili.

Kivinjari kisikudanganye. Firefox inaweza kuwa na proksi yake (seva ya kati inayopitisha mawasiliano), hata DNS yake (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kupitia HTTPS, na apt haina habari na hayo yote. Fungua terminali, andika `ip route`. Usipoona mstari unaoanza na default (njia ya kutokea nje), usihangaike na kingine mpaka huo upatikane. Ukiwepo, andika `getent hosts deb.debian.org`. Isipotoa anwani, DNS ndiyo mbovu, ila hapo apt yenyewe ingekwambia "Temporary failure resolving". Wengi hukimbilia kuandika 8.8.8.8 (DNS ya Google) ndani ya /etc/resolv.conf; hufanya kazi mpaka NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, iiandike faili upya. DNS iweke kwenye mipangilio ya muunganisho wenyewe, kwa nmcli, amri ya NetworkManager.

Yako haisemi hivyo, inaganda tu. Kwa hiyo jina linapatikana, safari ndiyo inakwama, na mimi ningeanza kuishuku IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao (ya zamani ni IPv4). Ruta nyingi hugawa anwani za IPv6 huku njia ya kutokea nje haipo. Apt ikiganda, soma anwani inayoonyesha: ikiwa na nukta pacha, mfano inaanza na 2a04:4e42, jaribu hivi:

`sudo apt -o Acquire::ForceIPv4=true update`

Ikipita, umempata mchawi. Weka `Acquire::ForceIPv4 "true";` ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/99ipv4 uendelee na kazi, ingawa dawa ya kweli iko kwenye ruta.

Isipopita, njoo kwenye proksi. Hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote kwenye seva za kazini, kwa sababu kila kipimo kilionyesha mambo safi. Una-export http_proxy (kigeu chenye anwani ya proksi), curl, amri ya kuvuta faili, inavuta vizuri, halafu apt inagoma. Sababu ni kwamba sudo, kwa mipangilio yake ya kawaida, hufuta vigeu vya mazingira vya mtumiaji, kwa hiyo apt inaanza bila proksi kabisa. Iandike ndani ya apt.conf.d: `Acquire::http::Proxy "http://anwani:3128/";`, ukiweka anwani na poti za kwenu. Kinyume chake pia hutokea, hasa kwa laptopu iliyowahi kutumika ofisini: proksi ya zamani imebaki kwenye mipangilio na apt inaendelea kuitafuta mahali isipokuwepo. Amri ya `apt-config dump | grep -i proxy` itaianika.

Kuna hali nyingine inayofanana na yako: apt inaunganisha, inavuta kidogo, kisha kimya. Hasa ukiwa nyuma ya VPN au PPPoE (aina za muunganisho zinazoongeza vichwa juu ya data), pima MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ya data inayoweza kupita:

`ping -4 -M do -s 1472 deb.debian.org`

Ikikataa, shusha hadi 1464. Hiyo ikipita, MTU yako ni 1492 (jumlisha baiti 28 za vichwa), nawe ipange hivyo kwenye kadi ya mtandao. Pakiti ndogo hupita, kubwa hupotea njiani, ndiyo maana ping ya kawaida inaonekana nzima.

Saa ya kompyuta ikiwa nyuma, apt italalamika kuwa faili la Release, linaloorodhesha yaliyomo kwenye seva ya vifurushi, "is not valid yet". `sudo timedatectl set-ntp true` inamaliza hilo.

Ukikwama bado, bandika hapa matokeo ya `ip route` na ya ile apt-config. Kama proksi yako ina jina na nywila, vifute kwanza.