Kabla hujafunga ngao na keria kwenye mkonga wako, toa upepo kwanza

Kila mwezi kuna mtu ananiuliza, dada nimepata mkonga wangu jamani (yaani Land Cruiser yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele), nianze kufunga nini? Na jibu langu huwa linawavunja moyo maana nawaambia usifunge kitu. Liendeshe miezi 6 hivyo hivyo lilivyo, gari lenyewe litakwambia linataka nini, na mara nyingi linachotaka ni bushi mpya na tairi nzuri, sio taa nane juu ya paa.

Mimi ni daktari wa mifugo, nakaa Arusha, kazi yangu iko Longido, Ketumbeine, Gelai na upande wa Simanjiro, kwa hiyo barabara mbaya kwangu ni njia ya kwenda ofisini. Gari langu ni Land Cruiser hardtop HZJ78, injini 1HZ, silinda 6, cc 4164, dizeli ya kawaida isiyo na turbo. Nililinunua kwa mtu likiwa limeshatumika sana na nalipenda kuliko nyumba niliyopanga. Nasema usifunge kitu kwa sababu nilifanya kinyume chake na nusura nimuumize mtu.

Nilipolipata tu nikalipeleka gereji. Nikapandisha springi karibu inchi 4, ngao ya chuma mbele na winchi yake (mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama), keria ya chuma nzito juu, tairi pana za inchi 33. Juu ya keria nikapanga spea tairi 2, madumu 2 ya maji na madumu 2 ya dizeli, nikaona sasa nimekamilika. Hebu piga hesabu na mimi, dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli ni kama kilo 17, tairi na rimu yake ya chuma inavuka 30, weka na keria yenyewe, tayari una zaidi ya kilo 150 zimekaa juu ya kichwa chako kwenye gari ambalo umeshalinyanyua. Na kinachoniuma mpaka leo, gari langu lina tangi 2 za lita 90 kila moja, yaani natembea na lita 180 chini kwenye chesisi, ile dizeli ya juu ilikuwa ya nini?

Safari ya pili tu nayo, tunatoka Ketumbeine kwenda Gelai kuchanja ng'ombe homa ya mapafu, nikaingia korongo kwa ubavu badala ya kulikata moja kwa moja. Gari likalala, tairi ya nyuma ya upande wa juu ikaachia ardhi kabisa. Nilikuwa na vijana wawili wa chanjo. Tukatoka taratibu kwa mlango wa upande wa juu, mmoja akaning'inia kwenye keria kuvuta uzito, sisi wawili tukachimba chini ya tairi za upande ule mpaka gari likashuka likakaa sawa. Saa nzima na nusu. Ile siku nilirudi nikavua keria.

Springi nazo nikazirudisha, maana baada ya kunyanyua propela shafti ilianza kutetemeka, stelingi ikawa inahangaika kwenye lami, na fundi akaniambia dokta, ukinyanyua mbele pembe za magurudumu zinabadilika, lazima urekebishe na vingine vyote, sio springi peke yake. Sasa hivi nina springi za urefu wa kawaida ila za kubeba mzigo, na shokapu mpya. Gari limetulia kama ng'ombe aliyeshiba.

Sasa nije kwenye upepo, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndio ungenisaidia kuliko vyote nilivyonunua. Kuna siku nimekwama kwenye mchanga wa mto mkavu, L4 ndani (magurudumu yote manne kwa gia nzito ya polepole), tairi pana, winchi ninayo, lakini mti wa kufungia winchi uko wapi? Hamna hata kichaka. Kila nikikanyaga mafuta gari linajichimbia tu. Akapita mzee mmoja na gari la watalii akasimama. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, hata hakuangalia winchi, akauliza upepo una ngapi. Nikamwambia 40, kwa kipimo cha psi. Akasema, "Toa zote nne mpaka 20, halafu usikanyage mafuta kwa hasira." Tukatoa, tukasafisha mchanga mbele ya tairi kidogo, nikaweka gia ya pili kwenye L4, gari likatoka kama linavutwa na kamba. Bure kabisa.

Ukipunguza upepo tairi inarefuka pale inapogusa chini, uzito unasambaa, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye mawe na barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi nashusha mpaka 26 hivi, na nimeona mwenyewe bodi haiachii nati hovyo kama zamani. Ila lazima uwe na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, kwa sababu ukirudi kwenye lami na 20 ukakimbia, tairi inapata moto na inapasuka. Na kama unatumia tairi za tyubu usishuke sana chini ya 20, rimu inazunguka ndani ya tairi inakata mdomo wa tyubu. Zile rimu zenye ringi ya pembeni ndio kabisa usiziguse kuzifungua kabla upepo wote haujaisha, ile ringi ikiruka inaua mtu.

Halafu kuna watu wana gari hili mwaka mzima hawajui kwamba kwenye matoleo yenye habu za mkono (vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele), ukiingiza H4 (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) bila kushuka kuzungusha habu za mbele mpaka LOCK, magurudumu ya mbele hayavuti chochote. Mimi nikiacha lami tu nazungusha habu, natembea na H2 (magurudumu ya nyuma tu), nikihitaji H4 naingiza bila kushuka kwenye tope. Kwenye lami kavu usiweke H4, mbele na nyuma havizunguki sawa ukikata kona na hamna difu katikati ya kuachia, utaua giaboksi.

Jina mkonga linadanganya watu wanadhani gari ni kiboko (kiboko mnyama). Ule mkonga kazi yake kubwa ni kuvuta hewa ya juu ambayo haina vumbi sana, na mikonga mingi ya kiwandani viungio vyake havijazibwa maji. Maji yakifika kwenye bonet usitegemee. Pia difu ikiwa imepata moto ukaitumbukiza kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa inafyonza maji, kwa hiyo nimerefusha vile vimipira vya kupumulia difu mpaka juu kwenye injini, kazi ndogo sana. Ukivuka mto angalia oili ya difu, ikiwa na rangi ya maziwa mwaga siku hiyo hiyo.

Kitu nilichofunga ambacho sijutii ni betri ya pili, yenye rilei ya kuitenga, kwa ajili ya friji ya chanjo. Hiyo betri, gari na kazi viliiomba vyenyewe. Taimingi belti nabadilisha kila kilomita 100,000 bila kusubiri, maana ikikatika kwenye 1HZ valvu na pistoni zinagongana na uko porini na chanjo zinaharibika.

Kamba ya kuvutia nunua nzuri, na usifunge kamba kwenye ile boli ya kuvutia trela, haikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla, ikikatika inaruka kama risasi. Funga kwenye ndoano iliyopigwa bolti kwenye chesisi, na watu wote wakae mbali.

Udongo mweusi wa Simanjiro ukilowa hauna dawa, sio L4, sio tairi, unajaza meno ya tairi dakika moja unabaki unateleza kama uko kwenye sabuni. Masika iliyopita tulifika mahali kama hapo saa 3 asubuhi, kuna gari mbili mbele zimezama mpaka ekseli na wenzetu wanahangaika nazo. Nikazima injini, tukachemsha chai, nikapima joto la friji, tukakaa na wachungaji tukiongea habari za kupe. Jua likachoma, juu pakaanza kupasuka pasuka. Saa 8 mchana mzee mmoja akapitisha ng'ombe zake pale, nikaangalia kwato zinazama kiasi gani, nikashusha upepo mpaka 22, nikaweka H4 gia ya pili, tukavuka.