Giza la kioo si giza la karatasi

*Nikiweka Word katika hali ya giza, barua itachapwa na ukurasa mweusi?* (Shela)

La. Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota kutu. Hali ya giza, yaani ukurasa mweusi na herufi nyeupe kiooni, ni ya macho yako tu, printa haiijui.

*Mimi nimeupaka ukurasa rangi nyeusi kwa Page Color, nikaandika kwa herufi nyeupe. Mwenzangu asema nimekosea.* (Mwanafunzi, Langoni)

Mwenzio ana haki. Rangi ya Page Color huhifadhiwa ndani ya waraka, na kila utakayemtumia ataipata. Printa nayo, isipoamrishwa, haiichapi, ila herufi zako hubaki nyeupe. Kijana mmoja aliniletea flashi dukani, barua ya kazi kurasa 3, boti ya Mokowe yamngoja. Karatasi zikatoka safi kama kanzu ya Ijumaa. Kilichoonekana ni anwani yake ya barua pepe tu, kwa buluu, na kistari chake chini. Akanitizama kama niliyemwibia wino.

Tiba: bonyeza Ctrl+A kuteua maandishi yote, kisha rangi ya herufi iwe Automatic. Hiyo hujigeuza yenyewe, nyeupe gizani, nyeusi karatasini. Page Color iondoe. Giza la haki liko File, kisha Account, chagua Black. Lakini kama Word yako ni ya kabla ya 2021, menyu ndizo zitakazoingia giza, ukurasa utabaki mweupe. Usianze tena kupaka!

*Yaokoa betri? Kwetu umeme hauaminiki.* (Mwalimu, Faza)

Mwalimu, kwenye kioo cha OLED, ndiyo, kwa kuwa nukta nyeusi huzimika. Laptopu nyingi za huku ni LCD, taa ya nyuma huwaka vilevile. Punguza mwangaza.

*Nikikaa barazani mchana sioni kitu.*

Na hutaona. Juani weka ukurasa mweupe: View, kisha Switch Modes. Ikiwa hata ndani herufi nyeupe zakutawanyikia, huenda ni astigimatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayotia ukungu. Kapimwe macho, usiilaumu kompyuta.

*Kadi ya harusi ya binti yangu nilichagua damu ya mzee, ikatoka karibu nyeusi.* (Mama, Mkomani)

Pole, mama. Uliichagua gizani. Word huzing'arisha rangi nzito ili zisomeke kwenye ukurasa mweusi, kwa hiyo uliyoiona siyo uliyoihifadhi. Rangi huchaguliwa kwenye ukurasa mweupe, na huchapwa kadi moja kwanza, si mia mbili.